Kutafuta Nyota kwa LUKU ya Kuchangia

Mke wangu ana orodha ya vitu vyote vilivyowahi kuingia nyumbani kwetu kwa jina la elimu. Hajaiandika popote, iko kichwani, na huitoa mbele ya wageni, hasa wa upande wake. Inaanzia kwenye redio ya masafa mafupi, ambayo waya wake wa antena ulitoka dirishani hadi kwenye mwembe wa jirani, mpaka jirani alipoamua kuwa ile ni kamba ya kuanikia nguo. Inapita kwenye albamu za stempu, mzinga wa nyuki uliovunja maulidi ya watu, chupa ya kupimia mvua, na kitabu cha ndege ambacho kurasa zake zimegandana kwa chai. Inaishia kwenye kompyuta ya mezani iliyo chumbani, pembeni ya kabati, iliyokuwa ikiunguruma usiku na mchana. Wageni hucheka. Mimi huwakaribisha chai.

Sioni aibu. Wapo waliojaliwa jambo moja: mtu anacheza bao tangu ujana mpaka anazikwa, na mtaa mzima unamheshimu. Sisi wengine tumegawiwa kidogo kidogo. Naweza kukueleza kwa nini idhaa za mbali husikika vizuri zaidi usiku kuliko mchana, au jinsi stempu za Zanzibar zenye sura ya Sultani zilivyogongwa maneno "JAMHURI 1964" juu yake baada ya Mapinduzi, kwa sababu nchi ilikuwa mpya na stempu za zamani bado zilikuwa nyingi. Ila usiniulize lini nitatengeneza bomba la jikoni.

Kilichoniponza zaidi ni darubini. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 kwa chombo duni kuliko darubini ya macho mawili inayouzwa leo Kariakoo. Nikajiambia, kama yeye aliweza, mimi nashindwaje? Kukawa na usiku wa Februari, joto la Dar lile la kukufukuza kitandani. Saa tisa nikatoka nyuma ya nyumba na kikoi kiunoni, kifua wazi, nikaegemea ukuta ili mikono isitetemeke, nikaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Vijana wa ulinzi shirikishi wakapita na tochi zao.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Naangalia miezi ya Mshtarii."

"Miezi? Mwezi si mmoja?"

"Hii ipo minne."

Jibu hilo ndilo lililoniharibia. Mtu mzima, nusu uchi, saa tisa za usiku, ananong'ona huku akihesabu miezi mipya: hapo hata mimi ningemshika. Nilifikishwa kwa mjumbe, akaamshwa, akatoka anapiga miayo. Akasikiliza pande zote mbili, akaichukua darubini, akatazama juu kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Ni kweli, ipo minne. Lakini kesho uitazame umevaa shati."

Kwa hiyo nilipoanza kuwakopesha wanasayansi kompyuta yangu, nyumbani walishukuru. Jambo hili haliumi mtu, halina asali, halihitaji kutoka nje usiku.

Mara ya kwanza kuliona ilikuwa enzi za intaneti kafe, tulipokuwa tunalipia kwa nusu saa na kuandika barua pepe huku tunaangalia saa. Rafiki yangu aliyekuwa msimamizi wa kafe moja alikuwa ameweka SETI@home kwenye mashine zake. Mashine ikikaa bila mteja, kioo kilijaa milima ya rangi nyekundu, njano na kijani iliyokuwa ikipanda na kushuka. Wateja waliamini ni kirusi. Mama mmoja alidai arudishiwe hela yake akiwa hajagusa hata kitufe.

Haikuwa kirusi. Tarehe 17 Mei 1999, watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza kugawa kazi yao kwa yeyote mwenye kompyuta. Walikuwa wanasikiliza mbingu kwa sahani ya Arecibo huko Puerto Rico, sahani yenye upana wa mita 305, wakitafuta dalili ya mtu mwingine anayerusha redio huko nje. Data ilikuwa nyingi mno kwa kompyuta zao. Hata kuifikisha California ilikuwa shughuli, maana laini ya Arecibo ilikuwa ya polepole, hivyo walirekodi kwenye kanda na kuzituma kwa posta. Yaani sauti zilizotoka kwenye nyota zilimalizia safari ndani ya kifurushi. Huko Berkeley zilikatwa vipande vya sekunde 107 hivi, na kila kipande kikaenda kwa mtu: Mjapani, Mjerumani, na kafe moja ya Kariakoo. Waliojiunga walipita milioni tano. Tarehe 31 Machi 2020 mradi uliacha kutoa kazi mpya, na Desemba 1 mwaka huohuo mitambo iliyoning'inia juu ya sahani ya Arecibo ikaanguka na kuiharibu kabisa. Wageni wa angani hawakupatikana. Mimi hilo halikunisumbua, wageni wa kutoka kijijini wananitosha.

Kilichobaki ni utaratibu wenyewe. David Anderson, mmoja wa waanzilishi wa SETI@home, alianza mwaka 2002 kutengeneza programu iitwayo BOINC, ambayo mradi wowote wa sayansi unaweza kuitumia. Unaipakua, unachagua miradi, basi. Kompyuta inaomba kazi, inapewa kipande, inakokotoa wakati wewe huitumii, inarudisha majibu, inaomba tena. Kwa mtu wa mambo mengi hii ni neema: asubuhi protini, mchana mvua, usiku nyota, na hakuna anayekuuliza umemaliza lipi.

Kuna jambo moja kwenye utaratibu huo ambalo nalipenda kuliko yote, nalo ni kwamba hawakuamini. Miradi mingi humpa kazi ileile mtu wa pili, na majibu yenu yasipolingana, anatafutwa wa tatu. Hakuna matusi, hakuna kikao. Pale kwenye kioo unasoma tu kwamba jibu lako linasubiri la mwenzako, asiyekujua na usiyemjua, naye labda umeme umekatika.

Malipo yapo. Kila kazi iliyokubaliwa inaingiza pointi, na kipimo chake kimepewa jina kwa heshima ya Jeff Cobb, mmoja wa watu wa SETI@home. Nilipofikisha idadi ambayo mimi niliiona kubwa, nilimwita mke wangu aje aone. Aliangalia tarakimu zote zile, akafuta mikono kwa kanga.

"Hizi unatolea kwa wakala gani?"

Nikamweleza kuwa hazitolewi. Hazinunui kitu. Ni heshima tu.

"Heshima," akasema, akarudi jikoni.

Sitasahau ule mwezi wa Julai alipokuja mama mkwe. Yeye ni mtu wa Lushoto, na kwao baridi si mchezo; bakuli la unga wa maandazi hulazwa karibu na jiko ili uumuke kufikia alfajiri. Huku kwetu tunapikia gesi, usiku jiko ni chuma baridi kama vyuma vingine. Na kipupwe cha mwaka ule kilikuwa cha kweli. Mama alizungukazunguka nyumba nzima kutafuta mahali penye joto, na akapapata. Nilipokwenda kulala niliona kanga imefunika kitu juu ya kompyuta. Nikadhani ni kanga.

Kumbe chini ya kanga kulikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli unga wenye hamira ya kutosha. Prosesa ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, kwa hiyo joto lilikuwa safi kuliko la jiko lolote la Lushoto. Unga ukaumuka. Ukafika ukingoni, ukainua kanga, ukateremka taratibu juu ya sanduku la kompyuta, ukaingia kwenye yale matundu ya juu ya kupumulia, ukaikuta feni. Saa kumi za usiku mngurumo ulibadilika. Ulikuwa kama wa mtu anayeongea huku anatafuna. Kisha kimya, na chumba kikanukia andazi.

Msomaji anayejua adabu za ukwe ataelewa hali yangu. Kwa mama mkwe mtu hapandishi sauti. Nilimkuta uani alfajiri ameshakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hilo sanduku lako sasa nimelielewa. Mwanangu alikuwa ananiambia halina kazi."

Ningesema nini? Nilisema asante. Maandazi yalikuwa mazuri, iliki imekolea, yamevimba yakawa mepesi mkononi. Nilikula zaidi ya haki yangu. Halafu nikaingia chumbani na mswaki wa zamani na kijiti cha meno, nikaanza kuchokonoa unga uliokauka katikati ya mapanga ya feni. Fundi niliyempelekea kompyuta baadaye aliifungua, akanusa, akaniangalia machoni, akanusa tena. Mafundi wa kompyuta wamezoea kukuta mende na vumbi. Hamira ilimpita. Kazi iliyokuwa ndani ikapitiliza siku ya mwisho, akapewa mtu mwingine.

Lakini sayansi ina kejeli zake hata bila mama mkwe. Katikati ya miaka ya 2000 wataalamu wa taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki, Basel, walianzisha mradi wa malariacontrol.net. Hawa si wageni kwetu. Wamekuwa Ifakara tangu miaka ya 1950. Mradi wao uliunda ndani ya kompyuta kijiji cha kubuni chenye watu na mbu, ili kujua malaria ingeenea vipi na chanjo au chandarua kingepunguza kiasi gani. Nilijiunga kwa moyo mmoja, maana hapo sikuwa natafuta viumbe vya mbali. Sasa mbu naye anapenda mahali penye giza na utulivu wakati wa mchana, na nyumbani kwetu hapakuwa na mahali bora kuliko nyuma ya kompyuta, kwenye kile kichaka cha nyaya. Jioni walitoka mmoja mmoja, wamepumzika vya kutosha, wakanikuta nimekaa palepale natazama asilimia zinavyopanda. Nilitafuna dawa ya mseto huku mashine ikiendelea kuhesabu mbu wa kubuni. Mradi ulifungwa mwaka 2016. Kichaka cha nyaya bado kipo.

Mvua nayo. Mwaka 2019 ulianza mradi wa mvua za Afrika chini ya World Community Grid, mtandao ulioasisiwa na IBM mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kilitaka kuchora upya mvua za Afrika kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita moja, kwa sababu mvua zetu huangukia shamba hili na kuliacha lile, na vipimo vya kawaida havilioni jambo hilo. Majibu yalinganishwe na vituo vya TAHMO, shirika lenye makao Nairobi ambalo huweka vituo vidogo vya hali ya hewa, vingi vikiwa kwenye shule. Mtu mwenye chupa ya kupimia mvua angekataaje? Nikawasha. Nilikuwa nimekodolea kioo siku hiyo, najivunia wingu fulani, nikasikia kishindo kwenye bati. Masika. Mke wangu akapita mbio kuelekea uani, akarudi amekumbatia furushi linalochuruzika.

"Mvua ya Afrika nzima unaijua, ya kwenye kamba yangu hukuiona?"

Nikamweleza kitaalamu kwamba kompyuta inakokotoa mvua ya kipindi kilichokwisha kupita.

"Nguo ni za leo," akasema.

Kati ya miradi hii kuna mmoja tu usiohitaji kompyuta yenye nguvu, ila macho. Snapshot Serengeti ilifunguliwa kwa umma mwaka 2012: kamera 225 zimefungwa kwenye miti na vyuma huko mbugani, zinapiga picha zenyewe kikipita kitu chenye joto, na watu wa kujitolea duniani kote wanasema ni mnyama gani. Nilitarajia simba. Katika mafungu milioni 1.2 ya picha za miaka ya mwanzo, yenye mnyama yalikuwa 322,653. Mengine yote ni nyasi. Nyasi zikipashwa na jua na kutikiswa na upepo huidanganya kamera, nayo inapiga picha kwa bidii. Watalii wanalipa dola nyingi kwenda kuwaona tembo wa Serengeti. Mimi Mtanzania nimekaa usiku kucha naangalia nyasi za nyumbani, tena kwa bando langu. Shemeji yangu alipita nyuma yangu, akatazama, akaniuliza kwa upole kama niko sawa.

Taabu zilizotoka mtaani zilikuwa za aina nyingine. Kijana mpangaji wa chumba cha nje, mwenye sabufa kubwa kuliko godoro lake, alisikia mngurumo wa kompyuta, akachungulia, akatoka na taarifa kamili: Profesa, yaani mimi, anachimba bitcoin. Kufikia jioni habari ilikuwa kijiweni. Bodaboda wakaanza kuniamkia. Muuza duka aliyekuwa ananidai akaacha kunidai, jambo lililonitia hofu kuliko madeni yenyewe. Wiki haijaisha, ikaja kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa mtu ninayemfahamu kwa kofia tu, na kiwango wameshakijaza. Nikamfuata mwenyekiti wa kamati. Nikamweleza kwa utulivu kwamba sichimbi chochote, kwamba ninachofanya ni kuchangia, bure, watafiti wa Ujerumani na Marekani.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi kama unawachangia wazungu usiowajua," akasema, "sisi majirani zako je?"

Nililipa. Tulikaa meza ya mbele.

Ajabu ni kwamba katika miradi yote hii upo mmoja uliomgusa mke wangu. Ni ule wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, wa kutafuta namba tasa kubwa kupita zote. Namba tasa, kwa waliosahau darasa la tano, ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kubwa inayojulikana ilipatikana Oktoba 2024: chukua 2, izidishe yenyewe kwa yenyewe mpaka ziwe 2 zipatazo 136,279,841, toa moja. Ina tarakimu 41,024,320. Nilikuwa namweleza haya huku yeye anakuna nazi, yaani nilikuwa najieleza mwenyewe. Nikataja kwamba shirika la EFF la Marekani limeahidi dola 150,000 kwa atakayeleta ya kwanza yenye tarakimu milioni mia moja. Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Zimebaki tarakimu ngapi?"

"Kama milioni hamsini na tisa."

Akafikiri kidogo. "Basi iache iwake."

Ikawaka. Na hapo ndipo tulipofika kwenye umeme.

Nyumba yetu ni ya wapangaji kadhaa na LUKU ni moja. Kila mmoja anatoa chake, tokeni inanunuliwa, na uniti zinakwisha kabla ya siku zilizotarajiwa. Hilo ni la kawaida, lakini sasa zilikuwa zinakwisha kwa kasi ya kutia shaka. Ukaitishwa mkutano uani, mwenye nyumba kwenye kiti, sisi kwenye mkeka. Alikuwepo Mama Barafu, anayeuza barafu za ubuyu na ana friza linalofika kifuani. Alikuwepo fundi cherehani na pasi yake. Alikuwepo wa sabufa. Kila mtu alianza kwa kusema hamtaji mtu, kisha akanitazama mimi.

Mama Barafu ndiye aliyeacha kuzunguka.

"Baba, friza langu linazaa hela, na hela hiyo ndiyo ninayochangia umeme. Hiyo mashine yako inazaa nini?"

Hili swali nilikuwa nimelisubiri maisha yangu yote. Nikasimama. Niliwaeleza kuhusu Einstein@Home, mradi ulioanza mwaka 2005, unaotafuta mawimbi ya mvutano na nyota ziitwazo palsa. Niliwaeleza jinsi mwaka 2010 kompyuta za mke na mume wa Iowa, Marekani, na ya mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani, zilivyogundua palsa ambayo hakuna mwanadamu aliyekuwa ameijua, umbali wa miaka nuru 17,000 hivi, ndani ya data ya Arecibo ileile. Watu hao hawakufanya lolote zaidi ya kuacha kompyuta zikiwaka. Wakapewa cheti, na sifa ya ugunduzi ikawa yao.

"Palsa ndiyo nini?" akauliza mwenye nyumba.

"Ni nyota iliyokufa, mzee, lakini bado inazunguka. Hiyo yao inazunguka mara arobaini na moja kwa sekunde moja."

Mama Barafu akashika kiuno.

"Kwa umeme wetu?"

Mkutano haukutulia haraka. Fundi cherehani alilia machozi ya kicheko, wa sabufa akarudia maneno yale kwa wapita njia, na mimi nikaketi. Mwenye nyumba alisubiri kimya kirudi, akatoa hukumu: nyota zilipie umeme wake. Aletwe fundi, chumba changu kifungiwe mita ndogo ya pembeni. Mama Barafu, ambaye ni mtu wa haki hata akiwa amekasirika, akasema kama ni mita basi ziwe za wote, asionewe mtu.

Zikafungwa. Kompyuta yangu ikikokotoa mchana kutwa na usiku kucha inakula wati 150 hivi, yaani uniti tatu na nusu na kidogo kwa siku. Si kidogo, na sasa nazilipia mwenyewe. Friza nalo lilikuwa na chake. Lakini mshindi, kwa mbali, alikuwa fundi cherehani na pasi yake, aliyekuwa akicheka kuliko wote. Siku hizi anapiga pasi ya mkaa, na kicheko kimepungua.

Nimepanga BOINC ifanye kazi usiku tu, tena ikisha kupoa nje, na nimeipunguzia nguvu kwenye mipangilio ili feni isipige kelele. Nawashauri wote wanaoanza wafanye hivyo tangu siku ya kwanza. Programu inaruhusu kuchagua saa na kiasi cha prosesa. Wenye kompyuta mpakato wawe waangalifu zaidi, hazipendi joto. Na msikimbilie mradi mmoja wakati ambapo kila mtu anaukimbilia. Machi 2020, Korona ilipoingia, watu walijiunga na mradi wa protini wa Folding@home kwa wingi kiasi kwamba mtandao ule ukapita eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kila sekunde, na kwa siku kadhaa seva zikaishiwa vipande vya kugawa. Niliomba kazi isiyo na mshahara, nikajibiwa kwamba hakuna nafasi. Nimeomba kazi nyingi maishani, hilo lilikuwa jipya.

Mama Barafu, kwa upande wake, hajaliacha jambo. Kila tukikutana bombani ananiuliza kama nyota yetu imeonekana. Anasema miezi yote ile kabla ya mita alikuwa analipia yeye pia, kwa hiyo cheti kikija jina lake liwemo, tena juu. Nimemkubalia, kwa maandishi, mbele ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo msomaji, kama una kompyuta inayolala bure na LUKU unajinunulia mwenyewe, pakua BOINC, chagua mradi mmoja, iache usiku. Na kama unauza kadi ya michoro iliyotumika, isiyokula umeme mwingi, kwa bei ya kuelewana, nitafute mchana. Jioni simu huwa kwa mke wangu, na yeye bado anahesabu zile milioni hamsini na tisa.